Kemo kila wiki 3, darasa, watoto, na bado kuna riwaya: Shangazi anajibu

Mwezi huu barua za saratani zimekuja nyingi kuliko za ndoa, na mimi nishakaa kwenye kile kiti cha dripu kwa hiyo siwezi kuziacha zipite. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana najua wengi mtajiona humo.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya binafsi hapa Morogoro, nina miaka 38 na watoto wawili, mkubwa ana 11. Nilikutwa na saratani ya titi, nimeshafanyiwa upasuaji upande wa kushoto, sasa hivi niko kwenye kemo, zile dawa za saratani za dripu, nashuka Dar hospitali ya saratani ya Ocean Road kila baada ya wiki 3 na nikimaliza nimeambiwa kuna mionzi. Dawa nazivumilia, ila kila mtu ananitaka. Shule wanauliza narudi lini moja kwa moja, mama mkwe amekuja kusaidia lakini wageni wa kunipa pole hawaishi nakaa nao sebuleni mpaka kichwa kinagonga, mwezi wa 12 mdogo wangu anaolewa Tanga na mimi ndio dada mkubwa, halafu kuna riwaya niliianza kabla sijaumwa, inahusu akina mama wanaoshusha mboga kutoka Mgeta usiku, nimefika katikati na sina hata nguvu ya kufungua laptop. Mume wangu anasema niachane na kuandika nipone kwanza. Niache kipi Shangazi? Mama Wawili, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na hongera kwa kufika hapo ulipofika. Kabla hujaacha chochote chukua kalenda ya ukutani, ile kubwa ya duka la dawa, na kalamu tatu za rangi. Wewe sasa hivi huishi kwa Jumatatu mpaka Ijumaa kama wenzako, unaishi kwa siku 21, na ukishalielewa hilo nusu ya vita imeisha.

Siku ya dripu na kama nne tano zinazofuata weka rangi moja, hizo ni za mwili, kichefuchefu, uchovu, mdomo hauna ladha, usipange kitu chochote hapo na usimwahidi mtu. Kuanzia siku ya 7 hivi mpaka ya 14 weka rangi ya pili, na hapa ndio watu wengi wanadanganyika, maana unaanza kujisikia nafuu unaamka unafagia unaenda sokoni, kumbe ndani damu nyeupe, zile chembe zinazopigana na magonjwa, ziko chini kabisa na mtoto mmoja mwenye mafua anatosha kukulaza. Wiki ya tatu ndio yako. Hiyo weka rangi nzuri unayoipenda, kila kitu cha maana kinaingia humo: darasa, safari, shughuli, kukaa na watoto, kuandika. Miili inatofautiana kwa hiyo andika kila siku unavyojisikia, ukishapita mizunguko miwili utaiona wiki yako inavyokaa.

Sasa hii ya homa naisema kwa herufi nene kama ningeweza. Nunua kipimajoto, pale famasi kipo. Ukipima ukakuta 38 au zaidi, iwe saa nane za usiku, iwe mvua, unaenda hospitali muda huohuo na neno la kwanza mlangoni ni "niko kwenye kemo". Sisi huku homa ikipanda tunasema malaria, tunameza panadol tunalala tuone asubuhi. Wewe huna hiyo asubuhi ya kusubiri. Malaria wapime sawa, lakini wakuchukue na FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, na kama damu nyeupe ziko chini uanzishiwe antibaiotiki haraka, na panadol usiimeze kabla hujapima maana itashusha joto na kuficha tatizo. Mama mkwe na mume wote walijue hili kwa kichwa, sio wewe peke yako, kwa sababu siku hiyo we unaweza usiwe na nguvu ya kubishana.

Kuhusu shule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa ndani ya kipindi cha miezi 36, 63 za mwanzo mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara, ilimradi ulete cheti cha daktari (walio serikalini wana taratibu zao waulize utumishi). Usizimalize zote kwa mkupuo ukiwa nyumbani unaangalia dari. Kaa na mkuu wa shule na ile kalenda mezani, mwonyeshe rangi, mwambie wiki hii sipo kabisa, wiki hii siingii darasani kwa sababu watoto 50 wanakohoa lakini naweza kutunga mtihani nikiwa nyumbani, wiki hii niko darasani. Mkuu wa shule akiona tarehe anapanga ratiba, akisikia "nitarudi nikipata nafuu" anatafuta mwalimu mwingine, na simlaumu, naye ana fomu four wanaosubiri. Kila ukienda kliniki chukua karatasi, piga picha, weka kopi.

Safari ya Dar. SGR imetuokoa, kabla saa mbili hazijaisha umeshafika, na vyoo viko humohumo ndani. Lakini usigeuze siku hiyohiyo kama una ndugu wa kulala kwake, na dawa ya kuzuia kutapika imeze kwa saa ulizopangiwa, usingoje kichefuchefu kianze ndio utafute kidonge kwenye pochi. Begi usilibebe kwa mkono wa kushoto, huo upande kama wametoa tezi za kwapani ukiuchosha unaweza kuvimba, hata presha na sindano waambie watumie wa kulia. Kama kwenye dripu yako kuna ile dawa nyekundu, doksorubisini, wakikuchoma ukasikia mshipa unawaka, piga kelele palepale, manesi wenyewe wanataka uwaambie. Na mkojo ukitoka mwekundu siku ile usishtuke ni rangi ya dawa. Mionzi itakuwa habari nyingine, ni Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki kadhaa, dakika chache tu kwenye mashine lakini kila siku, na uchovu wake unapanda taratibu unazidi kuelekea mwisho. Hiyo ya kupanda treni kila siku kutoka Morogoro usijaribu, tafuta pa kukaa Dar kuanzia sasa, na watoto waanze kuzoea wazo hilo.

Tanga nenda. Yaani hapo sina hata ubishi, mdogo wako anaolewa mara moja na wewe uko hai. Hesabu siku, ukiona harusi inaangukia wiki ya pili mwambie daktari mapema, sio wiki moja kabla, wakati mwingine kuna nafasi ya kusogeza siku chache na wakati mwingine hakuna, ila usisogeze mwenyewe kimyakimya. Kula chakula cha moto kilichotoka jikoni, kachumbari na matunda yaliyomenywa na mtu mwingine yaache, barakoa vaa kwenye msongamano, na wakati wa kukumbatiana weka mkono kifuani ucheke, watakuelewa. Kaa meza kuu dada mkubwa kama dada mkubwa. Ukichoka ondoka bila kumuaga kila mtu.

Wageni: mteue mtu mmoja, kaka yako au shemeji, awe ndiye wa kupokea simu na kujibu "anaendeleaje" kwenye grupu la ukoo. Mama mkwe mpe kazi ya mlangoni, na usimwambie "nisaidie kuwazuia wageni", mwambie "mama, daktari amekataza watu siku hizi saba", yeye ndio ataibeba kwa heshima zote maana ana umri wa kumwambia mtu arudi kesho na asikasirike. Na anayekuja aje na kazi, afue, apeleke mtoto shule. Yule wa miaka 11 mwambie ugonjwa kwa jina lake, mwambie hauambukizi na haukuletwa na chochote alichofanya yeye, watoto huwa wanajilaumu kimoyomoyo na sisi tunadhani wanacheza tu.

Halafu riwaya. Mumeo anakupenda, anaona kuandika ni mzigo wa ziada na anataka akupunguzie. Mwambie kwa upole kwamba hospitali unaitwa mgonjwa, sebuleni unaitwa mgonjwa, kanisani au msikitini unaombewa kama mgonjwa, na kule barabara ya Mgeta usiku na wale akina mama na matenga yao ya karoti ndio mahali pekee ambapo hakuna anayekuuliza umekunywa uji. Mtu haachi mahali kama hapo. Unachobadilisha ni namna ya kwenda. Laptop iache. Siku mbaya rekodi sauti kwenye simu, sentensi mbili, "huyu mama amesahau kanga kwenye fuso", imetosha, lala. Wiki ya tatu ndio unakaa mezani asubuhi kabla nyumba haijaamka unaandika tukio moja, sio sura nzima. Kemo inasahaulisha, hili lipo kweli wala sio uvivu wala uzee, kwa hiyo weka kidaftari cha kuandika majina ya wahusika wako, nani mke wa nani, nani anadaiwa na nani, maana utarudi baada ya siku kumi hukumbuki. Na kama huko mbele watakuhamishia kwenye dawa inayoitwa paklitakseli vidole vinaweza kuingia ganzi, kufunga vifungo vya shati inakuwa kazi sembuse kutaipu, mwambie daktari mapema na hapo ile ya kurekodi sauti itakufaa zaidi. Asikulazimishe mtu kuandika habari za saratani pia. Watakuambia "andika ushuhuda". Ukitaka sawa, usipotaka wauza karoti wanatosha kabisa.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mke wangu anatibiwa saratani. Usiku wa siku ya kemo na unaofuata halali kabisa, anaamka saa nane anaandika kwenye simu mpaka alfajiri, nikimwambia apumzike anakuwa mkali. Nimnyang'anye simu? Baba K, Dodoma.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimnyang'anye. Mara nyingi kwenye kemo wanampa mgonjwa deksamethasoni, ile mnayoisikia inaitwa deksa, inasaidia kuzuia kutapika na mzio, lakini inakesha mtu macho makavu na hata ule ukali wakati mwingine ni yenyewe inaongea. Muulizeni daktari kama vile vidonge vya nyumbani anaweza kuvimeza asubuhi badala ya jioni, wengi usingizi unarudi. Wakati huo yeye akikesha anaandika ni heri kuliko kukesha akiwaza. Mpunguzie mwanga wa simu, weka chupa ya maji kitandani, na kesho muulize kama anataka kukusomea, asipotaka nyamaza.

La pili hukuuliza ila nakuambia: siku mbili za mwanzo baada ya dripu dawa bado inatoka mwilini, choo mwage maji mara mbili, matapishi na shuka zilizochafuka shika na glavu, na kondomu mtumie. Mimba isiingie kabisa kipindi chote cha matibabu. Kumkumbatia na kulala naye kitanda kimoja hakuna shida, wala watoto kumkalia mapajani, msimtenge.

SWALI: Shangazi, mama anatibiwa saratani kwa kemo hospitali ya Bugando, Mwanza, sisi ni wa Bukoba. Mdogo wangu ana mahafali ya chuo Kampala na mama amesema hata kwa machela ataenda. Mpakani wanadai kadi ya homa ya manjano, tumpeleke akachanjwe? Mwana wa Kagera.

JIBU: Msimpeleke! Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtu aliye kwenye kemo hachanjwi hiyo, kinga yake haiwezi kuimudu. Kwanza pekueni makabati, kama alishawahi kuchanjwa zamani kadi ile, kwa kanuni iliyoanza 2016, inatambulika maisha yote hata kama imeandikwa imeisha baada ya miaka 10. Kama hajawahi kabisa, daktari wake anaandika barua kwamba haruhusiwi kuchanjwa kwa sababu za kiafya, na ofisi ya afya inayotoa kadi za manjano wanaijaza sehemu yake, halafu ulizeni kabisa upande wa Uganda kama wataipokea kabla hamjakata tiketi. Mjue pia kwamba barua inampitisha mpakani tu, haimkingi na ugonjwa, kwa hiyo daktari aseme mwenyewe kama safari inafaa, na akiruhusu basi mbu ni wa kumkinga mchana na usiku.

Kwenye basi mama asikae saa zote kagandisha miguu, saratani yenyewe inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Basi likisimama ashuke atembee, anywe maji hata kama anaogopa choo cha njiani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikimbana ghafla, mnaingia hospitali iliyo karibu hapohapo mlipo. Bebeni karatasi yenye majina ya dawa zake, tarehe ya kemo ya mwisho na namba ya kliniki, na picha yake iwe kwenye simu zenu wawili. Barua ya daktari iombeni wiki hii, msingoje wiki ya mahafali, na muangalie iwe na muhuri kabla hamjatoka pale dirishani.