Kutunisha chuma kwa maji: kwa nini mshono unaachia kwenye kona, na habari ya kompresa

Kutunisha chuma ni kuchomelea bati mbili bapa ukingoni kote, kisha kuzijaza maji ya presha mpaka zivimbe kama mto. Nimeulizwa maswali mawili: kwa nini mto wa bati la chuma la geji 18 (unene wa mm 1.2 hivi) unapasuka kwenye kona kabla haujatuna, na kama kompresa ya upepo inaweza kutumika badala ya maji. Naanza na la pili kwa sababu linaweza kuua mtu.

Usitumie upepo. Hewa inashindilika, kwa hiyo kila unapopandisha presha unaweka akiba ya nguvu ndani ya chuma, na mshono ukiachia akiba yote inatoka kwa mkupuo pamoja na vipande. Maji karibu hayashindiliki. Hata kwenye bar 100 (bar ni kipimo cha presha) ujazo wake unapungua kwa kama nusu asilimia tu. Mshono ukifunguka yanaruka kidogo, presha inaanguka papo hapo, basi. Ndiyo maana hata hewa iliyobaki ndani ya mpira wa maji lazima itolewe kabla ya kuunganisha: fungulia maji yapite kwenye mpira mpaka yatoke bila kukohoa.

Sasa kona. Wengi wanadhani presha ilikuwa ndogo au kubwa mno, lakini tatizo karibu kila mara ni mzizi wa mshono, yaani sehemu yake ya ndani kabisa. Bar 1 ni takriban kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Mto wa sm 40 kwa 40 una sentimita za mraba 1,600, kwa hiyo kwenye bar 10 kila bati linasukumwa kwa tani 16 hivi. Mzigo huo unabebwa na mshono wa sm 160 peke yake, yaani si chini ya kilo 100 kwa kila sentimita. Tena mshono wa ukingoni hauvutwi kwa unyoofu. Unafunguliwa kutokea ndani, kama mtu anayefungua kitabu kilichogandamana kurasa. Ukiwa umechomelea juu juu, kwa nje unaonekana umejaa na kung'aa, lakini kwa ndani ni utando tu.

Jaribu kabla ya kazi yenyewe. Kata vipande viwili vya sm 5 vya bati lile lile, vichomelee ukingo mmoja, bana kimoja kwenye jiliwa, kisha ingiza patasi katikati na ukunje cha pili mpaka kilale. Bati likichanika pembeni ya mshono, uko salama. Mshono ukipasuka katikati yake na ukaona mstari mwembamba wa kijivu uliong'aa upande mmoja, moto haukuingia. Ongeza ampea au punguza mwendo. Kwa TIG (welding ya gesi yenye ncha ya tungsten), bati mbili za mm 1.2 zilizolingana kingo, anzia kama ampea 50 na uyeyushe kingo zenyewe, waya kidogo tu pale panapopungua. Lengo ni mshono uingie ndani angalau unene wa bati moja. MIG (welding ya gesi ambayo mashine inasukuma waya yenyewe) yenye waya wa mm 0.8 inafaa pia. Welding ya fimbo kwenye bati jembamba hivi inatoboa na kuacha taka ndani ya mshono; kama huna mashine nyingine, nenda geji 16, ambalo ni nene zaidi, na fimbo nyembamba, na utegemee kuziba matundu zaidi ya mara moja.

Bati liwe chuma laini lisilo na zinki. Mabati yaliyopakwa zinki yanatoa moshi mbaya kwa mapafu na mshono wake unakuwa na vitundu kama maandazi. Safisha sm 2 za ukingo pande zote mbili mpaka chuma cheupe. Bana bati mbili zikutane kabisa, shikiza kwa matone kila sm 2 hadi 3, halafu chomelea kwa kurukaruka, sm 5 huku, sm 5 upande wa pili, ili joto lisizipinde. Kila unapoanzia na kuishia, pitiliza sm 1 juu ya mshono wa mwanzo, kwa kuwa sehemu hizo ndizo zinazovuja. Na usisage mshono kwa grenda kabla ya kutunisha, hata kama unakukera machoni. Unachokisaga ndicho kinachoshikilia tani zile.

Umbo nalo lina neno. Kona ya nje iliyochongoka haitatuna, itabaki bapa kama sikio, na ncha yake huungua wakati wa kuchomelea. Ipe mviringo wa nusu kipenyo mm 20. Kona inayoingia ndani, kama katikati ya herufi V au pale moyo unapogawanyika juu, ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mvutano wote unakusanyika hapo. Nusu kipenyo kisipungue mm 15, na mshono wa hapo upigwe kwa mkupuo mmoja bila kusimama katikati ya mpindo.

Kumbuka pia kwamba kitu kinasinyaa upana kinapotuna. Ukanda mrefu wa sm 10 ukiwa duara kamili unabaki na kipenyo cha sm 6.4. Duara la sm 40 kikomo chake ni upana wa sm 30 na unene wa sm 18 hivi, ingawa chuma huwa hakifiki huko. Ukingo ukisinyaa, ziada ya bati inageuka makunyanzi, na hayazuiliki. Oskar Zięta wa Poland, aliyeikuza mbinu ya kutunisha bati iitwayo FiDU akiwa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, aliyaacha waziwazi kwenye kigoda chake cha Plopp, na ndiyo yanayokipa sura. Ukitaka kuamua yakae wapi, gonga vibonyeo vidogo ukingoni kwa nyundo kabla ya kujaza. Bati hupenda kukunjika lilipoanzishiwa.

Mlango wa maji: toboa mm 6 kwenye bati la nyuma, sm 4 kutoka ukingoni, mbali na kona, uchomelee soketi yenye uzi kabla ya kufunga bati mbili. Puliza kwa mdomo huku umepaka povu la sabuni kwenye mshono wote. Halafu unganisha maji ya bomba, ambayo peke yake yataanza kulitunisha. Mashine ya kuoshea magari inamalizia. Weka kipimo cha presha na valvu kati yake na kazi, na bonyeza kwa mipigo ya sekunde moja, kwa sababu mwishoni presha inaruka ghafla. Mto wa sm 60 wa geji 20, bati jembamba zaidi ya geji 18, kwa kawaida unashiba kati ya bar 10 na 20, ila ukanda mwembamba unaweza kudai 70 au zaidi. Ukisikia milio ya "tak, tak", makunyanzi yanajikunja. Kipimo kikipanda na umbo halibadiliki, acha hapo.

Simama kando, usikabiliane na soketi, na ifunike kwa tairi kuukuu. Ukiona uvujaji usizibe kwa kidole: mchirizi mwembamba wa presha hiyo unapenya ngozi, na hilo ni jeraha la kukimbizwa hospitali hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Toa presha, mwaga maji yote, kausha, ndipo uchomelee, soketi ikiwa wazi.

Ukimaliza, geuza mlango chini likauke juani siku nzima, mimina mafuta kidogo na ulizungushe yaenee ndani, maana kutu inaanza siku hiyo hiyo. Tundu lifunge kwa plagi ya uzi, si kwa kuchomelea: unyevu uliobaki ukipata moto ndani ya chuma kilichozibwa unageuka mvuke, na hapo umerudi kwenye hatari ile ile ya kompresa.