Shangazi, huku risasi hazilii kila siku

Shangazi, shikamoo. Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti wote, hadi pale ulipoanza kulia. Dogo amepata nafasi ya chuo huku Marekani, lakini tangu niwasimulie ile filamu ya mauaji ya shuleni tuliyoonyeshwa darasani, hutaki hata kusikia habari za viza. Unauliza watu huku wanaishije. Nitakujibu bila kupaka rangi.

Filamu ni Bowling for Columbine ya Michael Moore, ya mwaka 2002. Inahusu sekondari ya Columbine, Colorado, ambako tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili waliwaua wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Moore anauliza kwa nini Wamarekani wanauana kuliko jirani zao Wakanada, ambao nao wana bunduki tele. Jibu lake kubwa ni hofu: runinga inawatisha watu mchana na usiku, na aliyetishika ananunua silaha.

Mimi nilikaa nimeshika kichwa. Wenzangu Wamarekani wala hawakushtuka. Walianza kukumbushana mazoezi ya kujificha waliyoyafanya tangu chekechea: mlango unafungwa, taa zinazimwa, mnajibanza kona moja kimya. Wanayasimulia kama sisi tunavyosimulia mchakamchaka. Hilo lilinitisha kuliko filamu yenyewe.

Sasa mtaani. Milio niliyoisikia ni ya wawindaji wa kulungu Novemba, na fataki za tarehe 4 Julai. Nyumba nyingi hazina ukuta wala geti, na madirisha ni kioo kitupu. Wewe hapo Morogoro una nondo, mbwa na mlinzi, na mwizi unayemwogopa ana panga. Mwenzako wa huku hana nondo, ila huenda ana bastola kwenye droo ya kitanda. Karibu theluthi ya watu wazima wanasema wana bunduki. Ukipita nje huoni kitu, mtaa umetulia kweli.

Lakini sikufichi. Hapa Michigan ninapoishi, Novemba 2021 mvulana wa miaka 15 aliwaua wenzake wanne katika sekondari ya Oxford, kwa bastola ambayo baba yake alikuwa ameinunua siku nne tu kabla. Mwaka 2024 wazazi wote wawili walifungwa. Tarehe 13 Februari 2023 mtu mwingine aliingia chuo cha Michigan State, akaua wanafunzi watatu na kujeruhi watano, huku chuo kikiwatumia wanafunzi ujumbe wa simu: kimbia, jifiche, pambana. Baada ya hapo jimbo lilipitisha sheria kwamba mwenye bunduki aifungie ikiwa mtoto anaweza kuifikia. Wakati huo watu walikuwa wameshazikwa.

Na kuna jambo ambalo filamu haikulipa uzito. Mwaka 2023 bunduki ziliua watu karibu 47,000 Marekani, na zaidi ya nusu, kama 27,000, walijiua. Hao hawatangazwi usiku kwenye habari. Kwa hiyo nikimfikiria dogo, simfikirii akikutana na jambazi. Nafikiria Januari, jua limezama saa kumi na moja na robo, mtihani umemtupa, ada haijatimia, nyumbani anawaambia yuko salama kwa sababu anaona haya, na mwenzake wa chumba cha pili ana bastola kabatini. Akitafuta pa kupanga, kabla ya kuuliza kodi aulize kama humo ndani kuna bunduki. Asione soni.

Jingine ni hodi. Aprili 2023, Kansas City, kijana mweusi wa miaka 16 alitumwa kuwachukua wadogo zake, akakosea mtaa, akabonyeza kengele ya nyumba isiyo yenyewe. Mzee wa miaka 84 akampiga risasi ya kichwa. Kijana alipona kwa kudra za Mungu. Siku mbili baadaye, jimbo la New York, binti wa miaka 20 aliuawa kwa sababu gari alimokuwemo liliingia uwanja wa nyumba wasiyokuwa wakienda. Sasa dogo wako, ambaye anaingia kwa watu huku anaita hodi akiwa tayari sebuleni! Hiyo aiache huko. Huku unapiga simu kwanza, na ukipotea unabaki barabarani penye mwanga. Polisi akimsimamisha, mikono juu ya usukani, asipekue mfuko kutafuta leseni mpaka aambiwe. Sisi weusi somo hilo halituruki.

Mimi ningemruhusu aje. Ila msilipe chochote kabla hajanitumia jina la chuo na mji, maana kila jimbo lina sheria zake. Texas, kwa mfano, tangu 2016 mwenye kibali anaweza kuingia na bastola darasani katika vyuo vikuu vya serikali, akiwa ameificha mwilini. Kama ni huko, nipigie Jumapili tuongee vizuri, na mjomba awepo.