Maswali yenu ya ngozi: kidonda kisichotaka kisu

*Dokta, mama alitokwa na kipele kwenye muundi, kikapasuka, kikawa kidonda. Wameshamkwangua thieta mara tatu na kila mara kinarudi kikubwa zaidi. Sasa wanataka kumkata mguu.*

Kabla hamjasaini, mpelekeni kwa daktari wa ngozi. Kidonda kinachotanuka kila kinapoguswa na kisu, kinachouma kupita kiasi, chenye kingo za zambarau (kwenye ngozi nyeusi huonekana kijivu au weusi uliokolea) zilizochimbika chini hadi kijiti cha pamba kinapenya, hicho nakishuku payoderma gangrenosamu. Hapo ni kinga ya mwili inayokula ngozi. Hakuna mdudu wa kukwanguliwa. Madaktari wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walioueleza ugonjwa huu mwaka 1930 nao walidhani ni bakteria, na hadi leo wapo wanaorundika antibayotiki juu ya antibayotiki. Sijasema ndicho alichonacho mama. Kidonda cha Buruli, kinacholetwa na bakteria, nacho huchimbika kingo, ila mara nyingi hakiumi. Sukari, mishipa iliyoziba, TB ya ngozi na fangasi wa ndani vyote viangaliwe kwanza.

*Majibu ya kinyama (kipande cha kidonda kilichokatwa kupimwa) yameandikwa "nyutrofili nyingi, hakuna vimelea". Maabara wameshindwa?*

Hawajashindwa. Chini ya darubini ugonjwa huu hauna alama yake pekee: nyutrofili (chembe nyeupe za damu) zimejazana kwenye dermisi (tabaka la ndani la ngozi), usaha, tishu iliyokufa. Jipu la kawaida linaweza kuonekana hivyohivyo. Kinyama huchukuliwa ili kuondoa kansa, TB, fangasi na vaskulitisi (mishipa ya damu iliyovimba kuta). Kwa hiyo kikatwe ukingoni, kifike kwenye mafuta, na kipande cha kuotesha vimelea maabara kisitumbukizwe kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia, maana humo hakuna kitakachoota. Na nyie mnaotuma kichupa na karatasi iliyoandikwa "kidonda, mguu" tu: mpatholojia, daktari anayesoma kinyama, si mpiga ramli.

*Unaambukiza?*

Hapana. Kila wiki naulizwa, na kila wiki ni hapana.

*Nimwagie kidonda unga wa kapsuli ya antibayotiki?*

Kapsuli humezwa, tena kwa cheti.

*Mbona daktari wa ngozi ananiuliza habari za choo?*

Kwa sababu takriban nusu ya wagonjwa wana ugonjwa mwingine nyuma yake: kolitisi ya vidonda na Crohn (magonjwa ya utumbo), baridi yabisi, magonjwa ya damu. Kama unaharisha damu, sema, usione haya.

*Prednisoloni (steroidi ya kutuliza kinga ya mwili) niliyopewa kwa kidonda hiki imenivimbisha uso, nimeacha.*

Ghafla? Rudi kliniki leo. Mwili uliozoea dozi kubwa kwa wiki kadhaa huacha kutengeneza homoni yake, ndiyo maana dawa hupunguzwa kidogokidogo. Mbadala upo, saiklosporini, nayo ya kutuliza kinga. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2015 ulizilinganisha hizo mbili zikatoka sare, karibu nusu ya wagonjwa wakipona ndani ya miezi sita. Ila nayo husumbua figo na presha. Ukirudishiwa steroidi, dai upimwe sukari, TB na strongiloidi, mnyoo ambao dawa hizi humfungulia njia akasambaa mwili mzima, na huko huua.