Kusafisha nyumba ya mzee kwa siku moja si tiba

Swali: Mama yangu ana umri wa miaka 74 na anaishi peke yake. Magazeti, chupa na nguo vimejaa hadi kitandani, na idara ya afya imempa notisi ya kusafisha. Kampuni moja inaahidi kuondoa kila kitu kwa siku moja akiwa safarini. Nikubali?

Jibu: Usikubali. Ahadi hiyo naisikia kila mara, na wanaoitoa hawaiambii familia yanayofuata: mzee anarudi, anakuta vitu vyake havipo, anaacha kumwamini mwanawe pamoja na ofisa yeyote anayebisha hodi, kisha nyumba inajaa upya. Wanauza uwazi wa sakafu na kuuita uponyaji.

Huu si uvivu wala uchafu. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliutambua ulimbikizaji wa vitu kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Kiini chake ni uchungu mkali wa kuachana na vitu, ambao lori haliwezi kuubeba.

Iandikie idara kuomba muda, ukiambatanisha mpango, na uombe ofisa wa ustawi wa jamii aratibu wote wanaohusika. Zimamoto waitwe mapema, kwani moto hauwezi kusubiri tiba: njia iwe wazi kutoka kitandani hadi mlangoni, karatasi zisikae karibu na jiko, na king'ora cha moshi kifanye kazi. Hata mzee asiyekubali kutupa gazeti moja huweza kukubali lisogezwe. Daktari naye apime kumbukumbu na sonona, hasa ikiwa ulimbikizaji umeanza uzeeni. Tiba ya kisaikolojia ya fikra na tabia husaidia, lakini huenda polepole, kwa sababu mgonjwa mwenyewe ndiye anayejifunza kuamua kuhusu kila kitu anachokishika.

Idara za umma nazo hukosea vivyo hivyo pale zinapotoa amri, kuleta wafanyakazi na kufunga faili siku nyumba inapoonekana safi. Nguvu ya sheria itumike pale tu maisha ya mzee au ya majirani yamo hatarini sasa hivi. Hata hapo, mzee awepo, dawa, hati na picha zake zitengwe kwanza, na ofisa aendelee kumtembelea baada ya lori kuondoka.