Jibu: Mikato ya kibodi kwenye Gmail haifanyi kazi

Habari ndugu. Umesema Ctrl na Enter zinatuma barua, ila ukibonyeza c ya kuandika barua mpya au r ya kujibu, hakuna kinachotokea. Kibodi yako ni nzima. Mikato ya herufi moja, yaani amri unazotoa kwa kubonyeza herufi badala ya kutumia panya, huja ikiwa imezimwa.

Fungua mipangilio yote ya Gmail kwenye kompyuta, ukurasa wa kwanza, tafuta mikato ya kibodi, uiwashe. Kisha shuka mpaka chini kabisa uhifadhi! Mimi nilipitiwa hapo mara mbili.

Hapa Kampala nashughulikia barua za mizigo inayopitia mpaka wa Malaba, asubuhi zinamiminika. Nikishasoma moja, e inaiondoa kikashani bila kuifuta, j inanipeleka inayofuata. Panya naigusa mara chache. Ukisahau herufi, bonyeza alama ya kuuliza, orodha nzima itatokea.