Diski Isiyolingana na Mwenzake

SWALI: Seva yetu ya Linux ina safu ya RAID 1 (diski mbili zinazobeba nakala ileile ya data) iliyoundwa kwa mdadm, programu ya kusimamia safu kama hizo, yenye diski za TB 4 na TB 2. Je, niichomoe tu ile ndogo ili niweke nyingine ya TB 4?

JIBU: Usianze kwa kuichomoa, ndugu msomaji, kwa sababu data yako ingebaki kwenye diski moja pekee kwa saa zote za kunakili. Unganisha diski mpya pembeni, iongeze kwa --add, kisha tumia --replace, ambayo hunakili huku ile ya zamani ikiendelea kufanya kazi. Mwishoni /proc/mdstat, faili inayoonyesha hali ya safu, itaionyesha ya zamani kwa alama ya (F), yaani mbovu (faulty), jambo lisilopaswa kukushtua; iondoe kwa --remove. Safu itabaki TB 2 hadi uipanue kwa --grow --size=max, pamoja na mfumo wa faili.