Kabla hujamleta kitatange mkubwa nyumbani

Miongoni mwa vitatange, samaki wa mwambani wanaofugwa tangini kwa rangi zao, anayeulizwa sana na wanaoanza ni Pomacanthus imperator, yule mwenye mistari ya manjano na utepe mweusi machoni. Dukani, hata hivyo, mara nyingi utauziwa mtoto wake: urefu wa kidole, buluu iliyokolea, na duara jeupe ndani ya duara. Hawafanani hata kidogo. Mkubwa alipewa jina la kisayansi na Bloch, mtaalamu wa samaki, mwaka 1787, na mtoto akaja kupewa lake mwaka 1801 kana kwamba ni aina nyingine. Huyo wa kidole baharini hufika sentimita 40.

Kwa hiyo anza na tangi la mkubwa. "Nitachukua dogo kwanza, akikua nitabadilisha" nimeyasikia mno, na tangi la pili huwa haliji. Karo ya shule hufika kwanza. Mimi sishauri chini ya lita 800, urefu wa futi 6 au 7, kwa kuwa samaki huyu hushinda akizunguka miamba mchana kutwa. Lita 800 za maji ya bahari zina uzito wa zaidi ya kilo 800, na hapo hujahesabu kioo, mawe na meza. Ukiishi ghorofani, zungumza na fundi wa ujenzi na mwenye nyumba kabla ya muuza samaki. Kama nafasi hakuna, pwani yetu ina Centropyge acanthops, kitatange mdogo wa manjano na buluu asiyezidi sentimita 8 hivi. Anapendeza, na hahitaji uvunje ukuta.

Sisi wa Mombasa hujiona tumebahatika kwa kuwa maji ya bahari ni ya bure. Ni kweli, ila yachote yakiwa yamejaa, upande wa bahari wazi, mbali na bandari na mikono ya bahari, na usiyachote mvua za masika zikiwa zimeshusha matope. Tangini chumvi iwe karibu gramu 35 kwa lita. Jua na feni hupunguza maji na kuacha chumvi, basi unapojazia kilichopungua tumia maji safi yasiyo na chumvi. Joto ndilo adui wetu hapa: maji yakipanda kuelekea nyuzi 30, hewa ndani yake hupungua, na stima ikikatika usiku pampu zinasimama. Nunua pampu ya hewa ya betri siku ileile unayonunua tangi.

Acha mawe yakae na bakteria wake hadi amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa tangini, zisome sifuri kwenye kipimo. Weka kwanza samaki wapole, kitatange awe wa mwisho, na awe mmoja. Akitangulia, tangi zima ni lake na kila mgeni atakiona cha moto.

Siku ya kununua, mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Asiyekula, mwache, hata bei ikishuka. Uliza pia alikotoka. Ufilipino na Indonesia kuna wavuvi waliozoea kumlevya samaki kwa sumu ya sianidi. Anaweza kuonekana mzima dukani kisha akafa kwako bila sababu unayoiona. Hapa kwetu wapiga mbizi hutumia nyavu za mkono, jambo zuri, ilimradi samaki hakutolewa katika hifadhi kama Kisite au Watamu, ambako uvuvi umekatazwa. Ukubwa ninaoupenda ni sentimita 8 hadi 12: ameshakomaa kidogo kuhimili safari, na bado hajakataa vyakula vipya.

Kisha karantini, na hapa sina mzaha. Tangi dogo la pembeni lisilo na mawe wala mchanga, kipande cha bomba la plastiki la kujificha, na wiki nne hadi sita. Vitatange hushikwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe. Kijidudu chake hukaa kwenye ngozi, hudondoka, hujibandika chini na kuzaana, kisha makinda hutoka kutafuta samaki. Ndiyo maana madoa yakitoweka watu hushangilia, na baada ya siku chache yanarudi maradufu. Dawa ya shaba huua makinda yanapoogelea tu, hivyo lazima kiwango kisishuke. Kipime kila siku. Usiitie kamwe kwenye tangi kubwa, kwa sababu mawe huinyonya, na kamba, konokono na matumbawe watakufa.

Matumbawe yenyewe usiyategemee. Baharini samaki huyu hula sifongo na viumbe wengine waliojishika mwambani, na makombe na matumbawe yenye nyama laini atayadonoa. Mpe chakula kilichogandishwa chenye sifongo, kamba, kome, na mwani mkavu kila siku, kidogo kidogo mara tatu au zaidi. Anayelishwa kamba peke yake hufifia rangi, na wengine huliwa na vidonda kichwani hadi mstari wa ubavuni.

Jambo moja dogo ambalo wauzaji hawalisemi: chini ya shavu, kwenye kifuniko cha matamvua, ana mwiba mkali. Ukimvua kwa wavu hunasa, na ukiuvuta hadi utoke mnaumia nyote wawili, wewe na samaki. Mwongoze aingie mwenyewe ndani ya chombo cha plastiki kinachoonyesha, humohumo majini, halafu kiinue pamoja na maji yake.